Maiki ya kwenye kopo la dawa ya viatu

Kijana wa kisa hiki ni fundi umeme wa majumbani, mkazi wa Mbagala, Dar es Salaam. Kuvuta nyaya, kufunga soketi na kupanga saketi ubaoni ni kazi anazozifanya huku anapiga soga. Jioni yumo kwenye kikundi cha kaswida cha mtaani kwao, na yeye ndiye aliyekuwa akirekodi mazoezi kwa simu. Simu ilimchosha. Madufu yakilia, simu inajishusha sauti yenyewe na waimbaji wanazama. Madufu yakinyamaza, inajipandisha na feni ya darini inajaa kwenye rekodi. Akajinyima, akanunua intafesi ndogo ya USB, kile kisanduku cha kuingizia sauti ya maiki kwenye kompyuta, ya mtumba, yenye matundu mawili ya XLR (plagi ya maiki yenye pini tatu) na kitufe cha volti 48 za kulisha maiki. Hapo mfuko ukakauka. Maiki akaamua atengeneze mwenyewe.

Aliponifuata alikuwa na orodha: maiki nne, priampli (kikuzaji cha sauti hafifu ya maiki), miksa ya chaneli sita, stendi, na kisanduku cha kugawa hedifoni kwa watu watano. "Kaka, michoro yote ninayo kwenye simu," akaniambia. Niliikata orodha ile ikabaki maiki moja, na naona bado nilikuwa sahihi. Priampli alikuwa nayo tayari ndani ya intafesi, tena iliyotulia kuliko yoyote ambayo mtu angeiunga kwa mkono kwa mara ya kwanza. Miksa ni priampli sita pamoja na umeme wake wa kuzilisha, na kila tundu ni mlango mwingine wa kelele. Stendi hupatikana kwa bomba na saruji kwenye ndoo. Maiki ndiyo kifaa ambacho mtu anayeanza anaweza kukitengeneza kwa vitu vichache, akapata sauti ya kumshangaza.

Sababu ni kwamba sehemu ngumu imeshatengenezwa kiwandani. Mwaka 1962 James West na Gerhard Sessler, wakiwa maabara za Bell huko Marekani, walitengeneza maiki ya elektreti: ndani yake mna utando mwembamba wa plastiki uliotiwa chaji ya umeme ambayo haitoki. Kabla ya hapo maiki ya kondensa ilitaka volti nyingi kutoka nje ili utando uwe na chaji. Kapsuli ya elektreti, yaani kiini cha maiki chenye utando huo, inajitosheleza kwa hilo. Inachotaka ni umeme kidogo tu wa kuendesha transista iliyofichwa mgongoni mwake. Ndiyo kile kidude cha duara, upana wa kama milimita 10, kinachopatikana kwenye redio kaseti, simu za mezani na maiki ndogo za kubana shatini. Simu janja za siku hizi zina maiki ya aina nyingine, ndogo kuliko punje ya mchele, kwa hiyo hakuna haja ya kupasua simu mbovu kutafuta kapsuli. Yeye alizitoa mbili kwenye redio kaseti iliyokufa na nyingine akazinunua Kariakoo.

Maiki ya kwanza ilikufa kabla haijasema neno. Alichomelea waya mbili za kapsuli moja kwa moja kwenye pini namba 1 na namba 2 ya plagi ya XLR, akabonyeza kitufe cha volti 48. Ikasikika "pwa", kisha kimya. Hoja yake ilikuwa ya fundi: amesoma kwamba ndani ya intafesi kuna rezista ya ohm 6,800 kwenye kila moja ya pini 2 na 3, na rezista kazi yake ni kupunguza umeme.

Inapunguza, ndiyo, lakini inapunguza kulingana na mkondo unaopita. Kapsuli kama ile hunywa chini ya nusu miliampea. Nusu miliampea mara ohm 6,800 ni volti 3.4 basi. Ukizitoa kwenye 48, kapsuli inabaki na zaidi ya volti 44 wakati nyingi za aina hiyo zimeandikiwa mwisho volti 10. Hesabu hiyo yeye anaifanya kila siku akipima kushuka kwa volti kwenye waya mrefu wa pampu. Hakudhani kwamba inafuata mpaka kwenye kidude cha redio kaseti.

Hizo volti 48 zina historia yake. Mwaka 1966 kampuni ya Neumann ya Ujerumani ilikuwa ikitengeneza maiki za transista kwa ajili ya shirika la utangazaji la Norwei, NRK. Studio za NRK zilikuwa na umeme wa volti 48 wa taa za dharura, basi maiki zikatengenezwa zitumie umeme uleule kupitia waya uleule unaobeba sauti. Ikawa kanuni ya dunia nzima. Namba ile haikuwekwa kwa ajili ya kapsuli ya redio kaseti, na maiki zinazoitumia huwa na saketi ndani ya kuupunguza na kuusafisha.

Kuna michoro mizuri ya saketi hizo na siku yake itafika. Kwa maiki ya kwanza nilimwambia atumie betri ya volti 9. Betri haina mngurumo wa umeme wa gridi, na kosa lolote likitokea haliwezi kuiua intafesi. Kapsuli ikinywa miliampea 0.3, betri ya alkali yenye miliampea-saa 500 itaiendesha zaidi ya saa 1,500. Kwa kikundi kinachofanya mazoezi mara mbili kwa wiki, wakiichomoa kila wakimaliza, betri itaharibikia kwenye kopo kabla ya kuisha.

Saketi yenyewe inaelezeka bila mchoro. Chanya ya betri inaingia kwenye rezista ya ohm 2,200, mwisho wa rezista unaenda kwenye mguu chanya wa kapsuli. Hasi ya betri inaenda kwenye mguu wa pili na kwenye pini 1. Pale rezista na kapsuli zinapokutana ndipo sauti inapochukuliwa, inapitishwa kwenye kapasita, kidude kinachoruhusu sauti na kuzuia umeme wa betri, inaingia pini 2. Mguu hasi wa kapsuli hautafutwi kwa kubahatisha: geuza kapsuli, utaona doa moja la solda limeunganishwa na kasha kwa vijistari vyembamba vya shaba. Huo ndio hasi. Asiyeona vizuri aweke mita ya umeme kwenye kipimo cha mlio, ncha moja kwenye kasha la kapsuli, ya pili kwenye mguu. Unaolia ndio wenyewe. Na ncha ya solda isikae pale zaidi ya sekunde moja au mbili. Joto likizidi, chaji ya utando inapotea na transista inaungua, na kwa nje kapsuli itaonekana nzima kabisa.

Kabla ya kusikiliza chochote, pima. Hapa ndipo nilipoona kwamba fundi umeme ana faida kuliko mpiga gitaa anayeanza ufundi huu: mita anaiamini. Kwenye miguu ya kapsuli ategemee volti 8 na kidogo, yaani 9 toa kile kidogo kinachobaki kwenye rezista. Akikuta 9 kamili, hakuna mkondo unaopita: kapsuli imekufa au waya umekatika. Akikuta sifuri, kuna shoti, au betri haijagusa. Kapsuli yake ya pili ilisoma volti 8.4. Akaongea, ikasikika.

Ikasikika, lakini kama mtu anayeongea kwenye simu ya kibandani miaka ya nyuma. Besi hakuna, dufu linatoa "ta" bila "du". Wengi wakifika hapa hulaumu kapsuli, wakaenda kununua ya bei. Nilimwuliza kapasita imeandikwa nini. Ilikuwa 104, ile ndogo ya rangi ya udongo inayopatikana kila mahali. Maana yake ni maikrofaradi 0.1. Kapasita na ukinzani wa pande zake mbili, yaani ohm 2,200 za huku na takriban ohm 2,000 za tundu la intafesi, hufanya chujio linalozuia sauti nene. Kwa 0.1, chujio hilo linaanza kukata karibu Hz 400, yaani mitetemo 400 kwa sekunde, na dufu linaishi chini ya hapo. Akiweka maikrofaradi 10, mpaka unashuka hadi Hz 4, ambako sikio halifiki.

Ila kapasita ya maikrofaradi 10 kwa kawaida ina chanya na hasi, na siku mtu akibonyeza kile kitufe cha volti 48 kwa bahati mbaya, umeme utakuja kinyume. Dawa ya bei nafuu ni kapasita mbili za maikrofaradi 22 za volti 63, zimeungwa hasi kwa hasi. Zinakuwa kama moja ya 11 isiyo na upande. Juu ya kitufe chenyewe akabandika plasta nyekundu. Siku chache baadaye akanitumia rekodi nyingine, na chini yake ameandika: "Kaka, sasa dufu lipo. Ila inanguruma."

Mngurumo ndio uliochukua sehemu kubwa ya kazi hii, na nadhani ndiyo sehemu inayomtofautisha mtu aliyeunga mchoro na mtu aliyetengeneza kifaa. Kelele hazifanani. Kuna mngurumo mzito, laini, wa Hz 50, ambao ni umeme wa gridi umepenya kwenye waya kama harufu. Kuna mzizimo mkali wenye meno, wa Hz 100 na kwenda juu, ambao mara nyingi unatoka kwenye chaja, dima ya taa au njia ya ethi, ule waya wa usalama unaoshuka ardhini. Kuna chenga za "shhh" zisizobadilika, ambazo ni kapsuli yenyewe au priampli iliyofunguliwa mno. Na kuna mkwaruzo unaokuja waya ukitikiswa, ambao ni solda mbovu tu. Ukishajua kuzitenganisha kwa sikio, nusu ya uchunguzi umeisha.

Rekodi yake ilikuwa na mbili za kwanza kwa pamoja. Nikamwambia achomoe chaja ya laptopu, arekodi kwa betri. Mzizimo ukaisha hapohapo, ukabaki mngurumo mzito peke yake. Basi tukajua ni mambo mawili tofauti.

La chaja alilimaliza mwenyewe, na kwa namna ambayo mimi nisingeweza. Alikumbuka kwamba laptopu ile ikiwa kwenye chaja, ukipitisha mkono juu ya bati lake unahisi kama inatetema au inachomachoma. Chaja nyingi zina kapasita ndogo ndani zinazounganisha upande wa umeme mkubwa na upande wa kompyuta ili kuzuia kelele nyingine. Ethi isipokuwepo, bati la kompyuta linaelea kwenye karibu nusu ya volti 230. Mkondo ni mdogo mno kukudhuru, lakini unatafuta njia ya kushuka, na waya wa maiki ni njia. Akafungua soketi ya chumba cha mazoezi. Ilikuwa na matundu matatu mazuri kabisa, na nyuma yake waya za ethi zimekatwa na kukunjwa, hazijaenda popote. Akaivuta ethi mpaka ubaoni, akaipima, mzizimo ukapungua hata chaja ikiwa imechomekwa. Wapo watu wa muziki wanaofanya kinyume, wanakata pini ya ethi kwenye plagi ili kelele iishe. Wanaondoa kinga ya mtu aliyeshika maiki ya chuma. Usifanye hivyo, hata kama ukumbi mzima unakusubiri.

Mngurumo mzito ukabaki. Hapo nilitaka kujua vitu viwili: waya gani umetoka kwenye kapsuli kwenda kwenye kisanduku chenye betri na saketi, na kisanduku chenyewe kimetengenezwa kwa kitu gani. Waya ulikuwa ule wa spika, nyekundu na nyeusi, mita tatu, kwa sababu ndio uliokuwepo kwenye begi la kazi. Kisanduku kilikuwa kopo la dawa ya viatu. Nililipenda kopo lile. Ni bati, linafunga vizuri, betri inaingia, na bati linashika solda, tofauti na kopo la soda ambalo ni alumini na solda huteleza juu yake.

Waya wa spika hauna ngao. Kwenye spika mkondo ni mkubwa na mngurumo hausikiki. Kwenye kapsuli ishara ni milivolti chache, na waya huo unageuka antena ya nyaya zote za ukutani. Akanunua waya wa maiki wenye nyuzi mbili ndani na ngao ya kusuka juu yake. Ngao ikaenda pini 1. Mngurumo ukashuka sana, haukuisha.

Nikamwambia aguse kopo huku anasikiliza kwa hedifoni. Akigusa, mngurumo unaongezeka. Jibu hilo limenyooka: kopo lingekuwa limeungwa na hasi ya saketi, mkono wake ungetuliza au usingebadilisha kitu. Likiwa linaelea, mwili wake unaokusanya umeme wa chumba kizima unaumwaga kwenye kopo, na kopo linaumwaga kwenye saketi. "Mbona nimeliunga?" akauliza. Alikuwa ameliunga kweli: waya mweusi umekunjwa na kubanwa kwa skrubu ndani ya kopo. Lakini makopo yale yana vanishi ya rangi ya dhahabu kwa ndani, na rangi kwa nje. Skrubu ilibana vanishi. Mita ikaonyesha hakuna mguso. Akapiga msasa eneo la ukubwa wa shilingi mpaka bati likang'aa, akalitia solda, akaunga waya juu yake. Akakwangua na mdomo wa mfuniko ili nao uguse kopo pande zote, maana mfuniko usiogusa ni shimo kwenye ngao.

Kilichobaki kilimalizwa na pini ya tatu. Hadi wakati huo alikuwa ameunga pini 3 na pini 1 pamoja, njia ambayo michoro mingi ya wanaoanza huonyesha. Intafesi husikiliza tofauti kati ya pini 2 na 3. Kelele ikiingia kwenye nyuzi zote mbili kwa kiasi kilekile, tofauti ni sifuri na kelele inafutika. Ila ili iingie sawa, nyuzi zote mbili lazima zione ukinzani uleule mwishoni. Kwa hiyo pini 3 ikapewa rezista yake ya ohm 2,200 na kapasita mbili nyingine za aina ileile, kisha ikaungwa kwenye hasi. Pini 3 haibebi sauti yoyote, kazi yake ni kubeba kelele ileile inayobebwa na mwenzake. Hili ni vigumu kumshawishi mtu mpaka alisikie. Alilisikia, akanipigia simu badala ya kuandika.

Na simu hiyo ndiyo ikaleta kelele ya mwisho. Kila aliyekaa karibu na redio simu ikitaka kuita anaijua ile "tititi-tititi": ni mtandao wa GSM, unaotuma mawimbi kwa vipande kama mara 217 kwa sekunde, na transista ya kapsuli inayageuza vipande hivyo kuwa sauti. Kapasita ya pikofaradi 33 kwenye miguu ya kapsuli, karibu kabisa na mwili wake, inapunguza sana. Kuweka simu za kikundi chote kwenye chumba kingine kunapunguza zaidi, lakini kwa vijana wa siku hizi kapasita ni rahisi kuliko kuwanyang'anya.

Maiki ile sasa inafanya kazi kila mazoezi. Kapsuli imekaa mdomoni mwa bomba jembamba la plastiki la kupitishia nyaya, ndani ya bomba kuna karatasi ya alumini iliyoguswa na ngao ya waya, mbele kuna kipande cha sponji. Chenga zake za asili ni nyingi kuliko za maiki ya dukani: kapsuli za bei ya chini huwa na kelele ya ndani ya karibu desibeli 35, wakati Primo EM172 ya Japani, wanayoipenda warekodi wa ndege na misitu, ina kama 14. Kwa kaswida ya watu kumi na madufu manne tofauti hiyo haisikiki, na nilimkataza kuagiza kapsuli za nje kwa sasa. Angekuwa anarekodi bibi anayesimulia hadithi usiku kwa sauti ya chini, ningemwambia aanze nazo.

Shida inayomkabili leo ni dufu kubwa. Likipigwa kwa nguvu karibu na maiki, sauti inapasuka, na kupunguza gaini, yaani kiasi cha kukuza sauti, kwenye intafesi hakusaidii. Kipimo ni hicho cha gaini: gaini ikishuka na mpasuko ukaisha, ilikuwa intafesi, gaini ikishuka na mpasuko ukabaki mdogo lakini uleule, ni transista ya kapsuli imefika mwisho. Nyingi huanza kuchafua sauti desibeli zikifika 110 na kitu, na dufu lililo nusu mita linazipita bila shida. Wapo wanaokata kistari cha shaba mgongoni mwa kapsuli na kuiunga upya kwa waya tatu ili ihimili zaidi. Kazi hiyo inataka kioo cha kukuzia na mkono usiotetemeka. Kabla ya kufika huko ameombwa ajaribu jambo lisilo na gharama: maiki ihamie mita mbili nyuma, juu ya vichwa vya waimbaji, ikiangalia waimbaji kwanza na madufu kwa pembeni. Kapsuli ya pili ikiwa tayari atazifunga zote mbili kwenye ubao mmoja, zimeachana sentimita 40 hivi, chaneli mbili, ili kikundi kisikike kimekaa upande hadi upande. Kopo la pili analo tayari. Anasubiri dawa ya viatu iishe.